Mashine Iliyosahau Watu wa Barabara

Inspekta Clémence Kapinga alimtoa Abdias kwenye kasho la polisi la Butembo saa mbili na nusu asubuhi, akamfunga pingu kwa mikono yake mwenyewe na kuzikaza kuliko ilivyohitajika. Hakuona haya. Urbain alikuwa kaburini siku ya tano, na huyu fundi wa kompyuta alikuwa bado anapumua, anapiga chafya, anaomba maji.

"Mama Inspecteur, tunaenda wapi?"

"Ku kazi yako."

Jumanne iliyopita gari la abiria lilitoka Beni kuelekea Oicha. Lilipokaribia Mbau lilikutana na watu wa mapanga, na dereva pamoja na abiria wanane wakauawa hapo hapo barabarani. Urbain, naibu wa Kapinga kwa miaka sita, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Alikuwa anakwenda kuchukua maelezo ya shahidi mmoja, kazi ya nusu siku.

Hakuna aliyewaonya, na hilo ndilo lililomkereketa Kapinga, maana kuonywa kulikuwa kumeshapangwa. Kulikuwa na huduma nzima kwa ajili hiyo. Iliitwa Angalia Njia, na iliendeshwa na umoja wa makanisa kutoka chumba kimoja mjini Butembo. Mtu wa kijijini akiona hatari anatuma ujumbe, ujumbe unaingia kwenye mashine, mhakikishi anaukubali, na baada ya sekunde chache simu za madereva na wanavijiji karibu elfu nne zinalia. Jumanne hazikulia. Orodha yote ya namba ilikuwa imefutwa.

Polisi walioikamata mashine walichapisha historia ya amri zake. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja wa maana: 09:12, akaunti ya Abdias, amri ya kufuta vyote. Kapinga alimwuliza Abdias swali moja tu, kwamba saa tatu na dakika kumi na mbili alikuwa wapi. Akajibu kwamba alikuwa ndani ya chumba cha mashine, peke yake. Karatasi yenyewe hakumwonyesha. Tangu alipoanza kazi Mbuji-Mayi miaka kumi na tisa iliyopita, hakuwahi kumwonyesha mshukiwa karatasi, na alijivunia hilo.

Saa saba mchana jeep ya waendesha mashtaka ingefika kutoka Beni kumchukua Abdias. Akishapanda jeep ile na vifo tisa mgongoni, ndiyo basi. Kapinga alitaka apande. Alitaka pia faili lisilo na tundu, na faili lake lilikuwa na tundu moja.

Tundu hilo lilikuwa kwenye mkoba wake: simu ndogo ya vibonye ya Jokébed, muuza chai wa Mbau, ambaye ndiye aliyetuma onyo siku ile. Jokébed alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba mashine ilimjibu. Waliandika maneno yake kwa uvivu, wakiamini kwamba mwanamke aliyekimbia na watoto watatu hawezi kukumbuka sawasawa. Jana Kapinga alimkuta Beni, kwa dada yake, akapewa simu mkononi. Onyo lilitoka saa nne na dakika tano. Jibu likaja dakika hiyo hiyo: *Tumepokea. Watu 3,846 watajulishwa baada ya uhakiki.*

Mashine iliyofutwa saa tatu na dakika kumi na mbili ilijuaje, saa nne na dakika tano, kwamba ina watu elfu tatu mia nane arobaini na sita? Kapinga aliilinganisha saa ya simu ile na yake. Zilikuwa sawa. Basi akaamua kwamba jibu hilo ni maneno ya kudumu tu, aliyoyaandika Abdias siku ya kwanza. Ili kulithibitisha, na wakili yeyote asije akapitisha hata kidole kwenye faili lake, aliamuru mashine isimikwe upya mbele ya macho yake, hatua kwa hatua. Huruma haikuwamo.

Mbele ya lango la Angalia Njia familia za marehemu zilikuwa zimekaa tangu Ijumaa. Zilipomwona Abdias zilisimama. Hakuna aliyepiga kelele. Kando ya mtaro mtu alikuwa amepanga mawe vizuri, ya ukubwa mmoja.

"Mama, utuachie yeye dakika tano tu," mzee mmoja alisema kwa adabu.

"Saa saba, papa," Kapinga alimjibu. Moyoni alimwelewa kabisa.

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya duka la vitabu vya kanisa. Kilikuwa na meza moja, betri za sola chini yake, saa ya ukutani, na mashine ya pili inayofanana kabisa na ile iliyokamatwa. Kapinga alifungua mkono mmoja wa Abdias, akaufungia wa pili kwenye mguu wa meza, akamwekea mbele daftari lake la shule lenye jalada la kijani.

"Fungua kaye yako. Ufanye vile ulifanyaka siku ya kwanza, mustari kwa mustari. Ukiruka kitu, nitajua."

Asingejua. Kuhusu kompyuta, Kapinga alijua kuandika PV, yaani ripoti ya mahojiano, na kuizima tu. Lakini Abdias hakuwa na hamu ya kumjaribu.

"Internet ya hapa inakatakata, mama. Donc programu zote nilizipakuaka mu clé moja, na amri zote nikaziandika mu kaye. Nikifwata kaye, siwezi kosa."

"Anza."

Akachomeka clé, ile flashi yake. Mashine ikauliza lugha, akachagua Kifaransa. Ikauliza nchi, akachagua Congo. Ikatoa majina mawili ya miji, akabonyeza la kwanza bila hata kusoma.

"Ile ni nini?"

"Inaulizaka tu muji. Kinshasa ao Lubumbashi. Unapiga ya kwanza, unaendelea."

Kapinga akaandika kwenye karatasi yake: hatua ya tatu, mji. Alikuwa mwandishi mzuri wa hatua. Ilichukua zaidi ya saa nzima mfumo kumaliza kujipanga. Nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa njaa.

"Sasa database," Abdias alisema. "Banaita Redis."

"Juu ya nini ile, na hapana ya kawaida?"

"Ya kawaida inaandika ku disque. Ile inashika yote mu mémoire, mu kichwa yake. Ni mbio sana. Batu elfu tatu na zaidi, secondes tatu, bote bamepata."

"Na courant ikikata?"

"Yote inapotea."

Kapinga akaweka kalamu chini. Hili alikuwa amelingoja wiki nzima. "Donc uliijenga ili ipoteze batu."

"Si mimi, mama. Papa Éliakim njo alitaka vile. Uangalie ukurasa ya kumi na moja."

Éliakim alikuwa mratibu wa Angalia Njia na mhakikishi wake, mwalimu mstaafu, mtu anayesalimiwa na nusu ya mji. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na mistari miwili ya kuizuia mashine isihifadhi chochote kwenye diski. Chini yake, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu: *Isiandike. Mashine ikiibiwa, watu wanaotuonya wasijulikane.* Na sahihi.

"Watu wa Mbau bakijulikana, banakuya kuchinjwa," Abdias alieleza. "Mwizi akichomoa mashini, inasahau bote. Liste ya kweli iko mu clé moja tu, Papa Éliakim anaivaa ku shingo. Mashini ikizimika, tunamwita, anakuya, tunajaza tena."

"Ilizimika Jumanne?"

"Hapana. Ilikuwa na siku makumi ine na moja bila kuzimika."

Hilo lilikuwa kweli. Ripoti ya ukamataji ilisema hivyo hivyo, na ndiyo iliyoua dhana ya umeme tangu siku ya kwanza. Kapinga akakata mstari mmoja kwenye faili lake, kwa shingo upande.

"Endelea."

Abdias akaandika mistari yake miwili ya ukurasa wa kumi na moja, kisha akafunua wa kumi na mbili na kuandika neno la siri, akilinakili herufi kwa herufi.

"Umeandika mot de passe mu kaye?"

"Nikisahau je?"

"Na kaye inalalaka wapi?"

"Hapa hapa, juu ya mashini."

Kapinga akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ufunguo wa benki hutundikwa mlangoni. Maana yake ni kwamba yeyote anayeingia chumba kile angeweza kujiita Abdias. Lakini saa tatu na dakika kumi na mbili hakuwamo mwingine, na hilo Abdias mwenyewe alikuwa amelisema.

"Useme tena. Jumanne uliingia saa ngapi, ulitoka saa ngapi?"

"Niliingia saa mbili na nusu. Nikatoka saa tatu na dakika makumi ine kutafuta betri ku marché, mu soko. Nikarudia saa tano imepita. Njo nikakuta liste iko vide, tupu, nikapigia batu bote telefone."

"Na kati ya saa mbili na nusu na kutoka kwako, mutu mwingine aliingia?"

"Hapana. Mimi peke."

Mjinga huyu, Kapinga aliwaza, anajifunga mwenyewe kila anapofungua mdomo.

Abdias akaiwasha ile database. Akaandika PING. Chini yake kukatokea PONG.

"Njo hivi unajua iko muzima," alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na kitu kinachofanana na furaha. Alipenda kazi yake. Kapinga alichukia kuliona hilo.

Kisha akaweka programu ya ujumbe, akachomeka kifaa cha SIM. Kapinga akatoa simu yake mwenyewe, akatuma onyo la majaribio. Jibu likarudi mara moja: *Tumepokea. Watu 0 watajulishwa baada ya uhakiki.*

Sifuri.

"Uingize numéro yangu mu liste," Kapinga alisema. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

Abdias akaiingiza. Kapinga akatuma tena. *Watu 1 watajulishwa.*

Basi jibu halikuwa maneno ya kudumu. Mashine ilikuwa inahesabu kabla ya kujibu, kila mara. Saa nne na dakika tano za Jumanne ilihesabu watu 3,846, wote wakiwamo. Tundu ambalo Kapinga alikuja kuliziba lilikuwa sasa linapitisha ng'ombe.

Alisimama, akaegemea ukuta, akasoma kila kilichokuwa kwenye kioo kutoka juu hadi chini kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Mstari uliosema kwamba database iko tayari ulikuwa na saa yake pembeni: 09:41. Akatazama ukutani. Saa ilisema saa tano kasoro kumi na moja. Akahesabu dakika. Ilikuwa imepita kama dakika nane tangu ile PONG, si saa nzima na dakika nane.

"Saa ya mashini iko mubaya."

"Hapana mubaya, mama. Ni saa ya Kinshasa. Siye huku tuko mbele saa moja. Njo ile muji nilipiga mwanzo."

Kila mtu wa Butembo mwenye ndugu Kinshasa anajua jambo hilo. Ukimpigia asubuhi mapema anakulalamikia kwamba umemwamsha. Kapinga alilijua tangu utotoni, maana hata kwao Kasaï saa ni ile ya mashariki.

"Na mashini ya kwanza?"

"Vilevile. Mwaka muzima. Kila mutu hapa anapigaka Kinshasa, ni ya kwanza ku liste."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Mais saa haina kazi mule. Ujumbe inaenda tu."

"Sasa juu ya nini hukusema!" Alipiga meza hata kalamu ikaruka.

Abdias alijikunyata. "Kusema nini? Muliniuliza nilikuwa wapi saa tatu na dakika kumi na mbili. Nilikuwa hapa. Hakuna mutu aliniambia ile saa inatoka ku mashini."

Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa Inspekta Kapinga haonyeshi karatasi. Aliitoa sasa kwenye mkoba, akaiweka juu ya daftari la kijani. Abdias aliisoma, midomo ikicheza.

"Ile ni saa ine na dakika kumi na mbili," alisema polepole. "Nilikuwa ku marché. Mama... nilikuwa ku marché!"

Kapinga akafungua pingu. Kifundo cha mkono kilikuwa na alama nyekundu pale alipokaza, akaitazama. Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma kwelikweli: siku tano alikuwa amemnyima mtu usingizi na maji, na karibu ampeleke kufa, kwa kosa la kujibu swali kwa ukweli. Lakini haikudumu. Ile hasira iliyokuwa imemkalia Abdias ilinyanyuka yote, nzima, ikaanza kutafuta mahali pengine pa kukaa.

Alikwenda langoni kwa mlinzi. Syauswa alikuwa na kitabu cha kuingia na kutoka na saa ya mkononi aliyoiweka sawa kila asubuhi kwa redio ya hapo mjini. Kapinga aliilinganisha na yake. Zilikuwa sawa hadi kwenye sekunde. Akasoma Jumanne. Abdias, ametoka 9:40. Éliakim, ameingia 9:50. Éliakim, ametoka 10:30. Abdias, amerudi 11:05. Hapakuwa na jina jingine.

"Papa Syauswa, Jumanne saa ine hakuna mutu mwingine aliingia? Hata wa kufagia?"

"Mama, hata Mungu akiingia hapa, namuandika."

Kapinga alikuwa amemwondoa Éliakim kwenye orodha ya washukiwa siku ya kwanza. Saa tatu na dakika kumi na mbili mzee huyo alikuwa kwenye mkutano wa shule na walimu arobaini. Ushahidi usiovunjika, tena kwa saa isiyo yenyewe.

Alimpigia simu, akamwomba kwa heshima aje kutia sahihi kama shahidi wa usimikaji. Kisha akampeleka Abdias chumba cha pembeni, akamwambia asikohoe.

Éliakim alifika kwenye saa sita kasorobo, koti la kijivu, tai, kofia mkononi. Kamba nyembamba nyeusi ilionekana kwenye ukosi wa shati.

"Wasingya, asante, Mama Inspecteur. Unatufanyia kazi kubwa." Akaketi. "Ule kijana ameishakubali?"

"Karibu akubali. Nabakia na kitu kidogo, Papa Éliakim. Wewe njo muhakikishi. Ku PV ya kwanza ulisema Jumanne hukuangalia mashini. Bakubwa wa Beni banasema kama hukuangalia, kosa ni yako pia."

Mzee akakunja na kukunjua ukingo wa kofia. "Niliangalia. Nilisahau kusema."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika makumi tano."

"Ukakuta nini?"

"Liste ilikuwa vide. Tupu kabisa."

"Onyo ya Mbau iliingia ukiwa hapa?"

"Hapana. Hakuna kitu iliingia."

"Ukafanya nini?"

"Nilifikiri ni mambo ya courant. Nikangojea Abdias."

"Dakika makumi ine?"

"Nilikuwa nasali."

Kapinga akaandika kila neno, akamsomea, akamgeuzia karatasi. Éliakim akatia sahihi kwa mwandiko ule mzuri. Hakuonyeshwa karatasi nyingine yoyote. Safari hii kanuni ya Kapinga ilifanya kazi yake kwa mtu aliyestahili.

Kisha akaweka mezani simu ndogo ya Jokébed, kioo kikielekea kwa mzee. Éliakim alisoma. Akasoma tena.

"Saa ine na dakika tano," Kapinga alisema. "Ulikuwa hapa. Liste ilikuwa muzima, batu elfu tatu mia nane makumi ine na sita, na onyo ilikuwa mbele ya macho yako. Dakika saba kisha, mutu akafungua kaye ya Abdias ukurasa ya kumi na mbili, akafuta bote. Mashini inasema saa tatu juu ya ile saa yake ya Kinshasa. Mulinzi anasema peke yako. Mimi nasema ni wewe. Sasa uniambie juu ya nini."

Mzee hakujitetea, na hilo lilimkera Kapinga zaidi.

"Dereva alikuwa Malachie."

"Najua jina ya dereva."

"Miaka mbili imepita, binti yangu Sophie alikuwa na maumivu ya kuzaa, hapa ku njia ya Alimbongo. Malachie alisimamisha gari. Akaona damu. Akasema viti ni vipya. Akaenda. Sophie alikufia mu majani, na mutoto ndani." Alipangusa mdomo. "Na kila Siku ya Mungu Malachie anaimbaka mu chorale yetu. Anaimba nyuma yangu, mama. Nasikia sauti yake ku shingo."

"Na Jumanne?"

"Madereva banaandikaka bakitoka. Niliona yake ku kioo: Malachie, natoka Beni. Juu yake, onyo ya Mbau. Zote mbili pamoja. Nikasema Mungu amenipatia. Mais onyo ukiacha kuikubali, inabakia ku kioo na jina yako. Donc nikafuta yote."

"Na bale wanane?"

"Sikubaona. Niliona jina yake tu."

"Mumoja alikuwa anaitwa Urbain," Kapinga alisema. Alitaka kumpiga mzee huyu kwa kiti. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza na kuiacha hapo.

Nje mtu alikuwa ameanza kuita jina la Abdias, na wengine wakalipokea. Saa saba ilikuwa inakaribia. Hapo Kapinga akaona kilichobaki. Abdias asingeweza kutoka. Angefunguliwa mlango akiwa huru, na mawe yale yaliyopangwa mtaroni yangemmaliza kabla mtu hajafungua kinywa kueleza habari za saa. Inspekta mmoja asingeweza kuwaeleza watu wa Butembo, Beni, Mbau na Oicha kwa mara moja. Mashine ingeweza.

"Lete ile clé."

Éliakim alivua kamba shingoni. Abdias akaitwa, akaingia bila kumtazama mzee, akaijaza orodha. 3,846. Kapinga akamtajia maneno, naye akayaandika: *Angalia Njia. Abdias hana hatia. Onyo la Mbau lilifutwa na mhakikishi, Éliakim. Amekamatwa.*

Hakuna kitabu cha sheria kinachoruhusu jambo hilo. Kapinga alivijua vitabu vyote, na alilitenda hivyo hivyo.

Ujumbe ukasimama kwenye kioo, ukingoja kukubaliwa.

"Wewe njo muhakikishi," Kapinga alimwambia mzee. "Ukubali."

"Bataniua, mama."

"Usipokubali, batamuua huyu. Unataka wa kumi?"

Éliakim akamtazama Abdias, kijana aliyekuwa akimwita papa. Kidole chake kikateremka juu ya kibonye.

Simu ya Kapinga ilitikisika kwanza. Kisha langoni ikalia moja, na nyingine, na nyingine, zikalia zote pamoja, na jina la Abdias likakatika katikati. Watu walikuwa wanasoma. Halafu mwanamke mmoja akatamka jina jingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita jirani.

"Inspecteur," Éliakim alisema. "Kuko mulango ya nyuma. Nakuomba."

"Iko. Ni ya Abdias." Akamgeukia fundi. "Uende kwenu. Upite mu duka ya vitabu. Na... unisamehe."

Abdias alichukua daftari lake, akatoka.

Jeep ikapiga honi mbele ya lango. Kapinga akamfunga mzee pingu mkono wa kulia, akakaza, na upande wa pili akaufunga kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto.

"Unafanya nini?" Éliakim aliuliza.

"Nakutaka muzima," Kapinga alisema. "Kufa ni mbio. Mimi nataka ukae mbele ya juge, usikie majina tisa, moja moja, mbele ya bamama yabo. Kisha uishi. Uzeeke mule ndani. Batu bale ku mulango banataka kukusaidia, na mimi nakatala."

Akafungua mlango, wakatoka. Jeep ilikuwa hatua thelathini, na katikati walisimama watu. Kapinga hakuharakisha. Jiwe la kwanza lilimpata yeye, begani, akayumba, mzee akayumba naye. Alimvuta karibu zaidi, wakaendelea kutembea.